Farasi Waliopotea Boksburg

"Usisogee, kaka! Usisogee hata kidogo!"

Onyo lilichelewa. Kiatu cheupe kilikwisha kutoka garini na kutua katikati ya sahani ya karatasi iliyotupwa pale chini, yenye ugali uliolowa mchuzi, mafuta yaliyoganda na inzi wawili ambao hata hawakujisumbua kuruka. Mwenye kiatu alisimama kwa mguu mmoja, ameshika mlango wa gari, akitazama chini kama mtu aliyeoneshwa maiti asiyemjua.

"Ni nini hiki?"

"Asubuhi kilikuwa chakula," alisema dada aliyempigia kelele, akijikaza asicheke.

"Na watu wanakula mahali hapa?"

"Wanakula, wanakunywa, wengine wanatapika kule nyuma ya matairi. Karibu sana."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya kupima nguvu katika gereji ya Rapula Seleka huko Boksburg, nje ya Johannesburg. Barabara yote ya viwandani ilinuka soseji za kuchoma, petroli na mpira ulioungua. Magari yalipangwa pande zote mbili mpaka kwenye kona ya kiwanda cha rangi, boneti wazi, spika zikishindana. Wanaume wenye chupa mikononi walipita wakiinamia injini za wenzao na kutoa hukumu ambazo hakuna aliyewaomba. Ndani ya gereji ilikuwapo mashine yenyewe: rola mbili kubwa za chuma sakafuni, magurudumu ya nyuma yanapandishwa juu yake, gari linafungwa kwa mikanda, halafu linakimbizwa papo hapo lilipo, huku kompyuta ikisoma nguvu zake.

Dada huyo alikuwa Keabetswe Mothibi, Kea kwa kila mtu. Ndiye aliyekaa nyuma ya usukani wakati magari ya watu yakipiga kelele juu ya rola. Alivaa ovaroli nyekundu, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, misuko yake kaifunga kwa kitambaa cha manjano, na shingoni kaning'iniza vizibo vya masikio. Gereji ilikuwa ya mjomba wake.

Alileta tambara, akapiga goti na kumfuta yule mtu kiatu.

"Acha dada, nitafuta mwenyewe."

"Hutaweza. Unaonekana mtu wa kinyaa." Aliinua macho. Kijana alikuwa mrefu, shati la samawati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata, ndevu zimechongwa. "Unafanya kazi gani wewe, mwenye viatu vyeupe Boksburg?"

"Natengeneza meno bandia. Nina karakana ndogo Germiston. Naitwa Mthokozisi Hadebe. Mtho."

"Meno ya uongo!" Kea alicheka sasa, hakuweza kujizuia. "Halafu umekuja hapa kutafuta namba ya kweli."

"Meno yangu hayamdanganyi mtu, dada. Aliyeyavaa anajua ni ya bandia."

Kea alisimama, akalizunguka gari. Lilikuwa Nissan 350Z la bluu, milango miwili, limetunzwa. Alifungua boneti akaingiza kichwa. Kila kitu kilikuwa kile kile cha kiwandani, mpaka kichujio cha hewa.

"Halijaguswa?"

"Hata parafujo. Lilikuwa la kaka yangu Bhekani. Alilinunua kwa jasho la mgodini, akawa anatamba lina nguvu za farasi mia mbili na themanini. Baba akamwambia ameuziwa mkebe. Wakagombana. Kaka alipougua kifua, bado walikuwa hawasemezani." Mtho aliweka mkono kwenye ubavu wa gari. "Alifariki mwaka jana. Nataka nijue nani alikuwa sahihi, basi."

"Mia mbili na themanini ni kwenye injini," Kea alimweleza taratibu. "Sisi tunapima kwenye magurudumu. Kuna nguvu zinazopotelea njiani, kwenye gia na ekseli. Ukipata mia mbili na ishirini na kitu hapa, jua marehemu alisema kweli."

"Mia mbili na ishirini na kitu," Mtho alirudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Zamu yao ilifika. Kea aliliingiza gari juu ya rola, akahakikisha mikanda imekaza, feni kubwa ikawashwa mbele ya rejeta. Mjomba Rapula alikuwa mezani kwake mbele ya kompyuta, mnene, shati limefunguka vifungo vya juu. Alikuwa anakula miguu ya kuku kutoka kwenye bakuli la plastiki. Aliinyonya kidole kimoja kimoja, akatema vifupa kwenye kiganja, akavipanga pembeni ya kibodi, halafu kwa vidole vile vile vinavyong'aa mafuta akashika kipanya.

Kea alipandisha gia mpaka ya nne, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari lilitetemeka, sauti ikapanda kutoka mngurumo mpaka ukelele uliojaza bati zote za gereji. Mikononi mwake alilisikia: injini safi, inavuta bila kusita, haina kikohozi. Alijua ni nzima kabla hajaachia pedali.

Mjomba alivuta kipaza sauti, akafuta mdomo.

"Mabibi na mabwana! Gari la michezo la bluu, la kijana wetu mwenye viatu vya harusi! Farasi... mia moja themanini na saba!"

Watu waliangua kicheko. "Hao si farasi, ni punda!" alipayuka mmoja. "Wapeni nyasi!" Mwingine alimwagia boneti bia. Mtho alisimama kando ya rola, mikono mfukoni, anatabasamu lile tabasamu la mtu anayejaribu kutolia mbele za watu.

Mjomba alimzungushia mkono begani, mafuta ya kuku yakaacha alama kwenye shati lililopigwa pasi.

"Mwanangu, usihuzunike. Injini imechoka. Niachie nikufungie vipuri vyangu viwili vitatu, utarudi hapa na farasi arobaini juu. Au ukichoka nalo, niuzie mimi. Mimi nahurumia magari mabovu."

Kea alibaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Alijua kilichofanyika. Johannesburg yote na vitongoji vyake imekaa juu sana, hewa ni nyembamba, na injini haipati pumzi ya kutosha. Kwa hiyo kompyuta huambiwa mwinuko wa mahali, nayo hurudisha kwenye hesabu kile ambacho hewa imenyima. Mjomba alikuwa anazima hesabu hiyo kila gari la kiwandani linapopanda rola. Mwenye gari akishanunua vitu na kurudi, aliiwasha, na farasi wakaongezeka kama mazingaombwe. Kea aliwahi kumuuliza. Mjomba alimjibu akicheka: "Daktari akimwambia kila mtu ni mzima, ale wapi?"

Aliteremka, akaenda bombani nyuma ya gereji kunawa uso. Mdomoni alikuwa na ladha ya chuma. Mtho alikuwa pale, anasugua kiatu.

"Nilidhani na wewe utanicheka," alisema.

"Sicheki."

"Basi nipe namba yako ya simu. Leo nimepewa namba moja mbaya, nisaidie nyingine nzuri."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Kea alifungua mdomo, na kilichotoka ni namba ya simu.

*

Mtho alipiga simu kesho yake, akapiga na keshokutwa yake, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena.

"Mama Gia."

"Bwana Meno. Leo umetengeneza midomo ya nani?"

"Mchungaji mmoja. Kanisa zima linasubiri, bila meno mahubiri yanatoka filimbi."

"Muongo wewe!"

"Haki ya Mungu. Na wewe mpenzi, unanuka nini leo?"

"Dizeli na jasho la wanaume wa watu."

"Oga nije nikuchukue."

Walikula kota pale Vosloorus, ile robo ya mkate iliyochimbwa na kujazwa chipsi, soseji na achari, Mtho akifuta kila kidole kwa karatasi na Kea akimcheka mpaka akapaliwa. Kea alikuja na gauni la kijani lililomkaa kiunoni, hereni za shaba, na bado chini ya kucha palikuwa na weusi usiokubali sabuni. Mtho aliushika mkono ule akaubusu juu ya weusi, yeye mwenye kinyaa cha kunywea kikombe cha mwenzake.

"Nimemwambia baba ile namba," alisema siku hiyo. "Unajua alijibu nini? 'Nilijua.' Neno moja tu. Akaendelea kula. Halafu usiku nikamsikia chumbani kwake anacheka peke yake. Anamcheka marehemu, Kea."

Tonge la mkate lilisimama kooni mwa Kea. Alilisukuma kwa soda, likateremka kama jiwe.

"Pole," alisema, akamshika mkono.

"Mjomba wako amenipigia tena. Anataka alinunue gari. Naona bora nimwachie, nisilione tena pale uani."

"Usimuuzie."

"Kwa nini?"

"Usimuuzie tu. Wala usifunge kitu chochote juu yake. Liache lilivyo."

"Wewe ndiye unayefanya kazi naye. Kuna nini?"

Kea alimtazama. Macho yake yalikuwa safi, yanasubiri. Alimfikiria mjomba, aliyemchukua siku ya mazishi ya mama yake akiwa mtoto, akamlisha, akamsomesha, akamfundisha kusikiliza injini. Alifikiria jinsi ambavyo uso huu ulio mbele yake ungebadilika.

"Hakuna kitu. Nalipenda tu," alisema, na akajichukia jinsi ilivyotoka laini, kama kitu alichokuwa amezoea.

Tangu hapo chakula kilimshinda. Asubuhi gerejini harufu ya miguu ya kuku ilimfanya atoke nje. Mjomba akamtania mbele ya mafundi, "Huyu ana mimba ya mtu wa meno! Mtoto atazaliwa anatabasamu!" Wote wakacheka, na mjomba akachokonoa jino kwa ukucha, akatazama alichotoa, akakila.

*

Wiki moja kabla ya siku nyingine ya kupima, Mtho aliteremka Durban kwenye harusi ya binamu yake, katika kitongoji cha Umlazi. Alikwenda na lile gari, kwani walikwisha kubaliana na Rapula kwamba akirudi atamkabidhi funguo. Alimficha Kea jambo hilo, akijua watagombana. Alitaka aliendeshe kwa mara ya mwisho katika barabara ndefu, lishuke milima ya Drakensberg madirisha wazi, kama Bhekani alivyokuwa akifanya.

Siku moja baada ya harusi alipita mbele ya gereji yenye bango la kupima nguvu. Hakujua kwa nini aliingia. Pengine alitaka kulisikia likipiga kelele tena. Mwenye gereji alikuwa Mhindi mzee, Perumal, koti jeupe kama la mfamasia, na sakafu yake ungeweza kulala juu yake. Alilifunga, akalipima, akazima.

"Mia mbili ishirini na sita," alisema. "Gari zuri sana, kijana. Usikubali mtu aliguse."

Mtho alimwomba arudie. Perumal alirudia. Namba ilikuwa ile ile.

"Mzee, Boksburg walinipa mia moja themanini na saba."

Perumal alivua miwani. "Boksburg? Hapa baharini hewa ni nzito, sihitaji kuongeza kitu. Kule juu kwenu lazima uiambie mashine mko mwinuko gani. Usipoiambia, inakula karibu farasi arobaini wa mtu."

"Inaweza kuwa bahati mbaya? Mtu kusahau?"

"Mara moja, labda." Mzee alitikisa kichwa, akakunja mdomo kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Aliyekuwa anapima hakukwambia? Hata aliyeanza kazi jana analijua hilo. Ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa."

Mtho aliketi ndani ya gari, akapiga simu.

"Bwana Meno!" Sauti ya Kea ilijaa furaha. "Umekula nyama ya harusi? Umenibakizia?"

"Mia mbili ishirini na sita."

Upande wa pili wa simu Mtho alisikia spana ikianguka sakafuni.

"Kea, ulijua?"

Alisikia mlango ukifungwa, kelele za gereji zikabaki nyuma.

"Nakuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Gari likiwa bado limefungwa mikanda."

"Ukala na mimi," alisema Mtho polepole. "Ukanibusu. Nikakusimulia jinsi baba alivyocheka, ukanishika mkono ukaniambia pole. Pole ya nini, Kea? Ulikuwa unampa nani pole?"

"Mtho, nilitaka kukwambia, kila siku nilitaka..."

"Unajua ninavyojisikia? Kama mtu aliyekunywa maji gizani, asubuhi akakuta mende ndani ya glasi. Ndivyo ninavyojisikia nikikumbuka mdomo wako."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Tafadhali. Usiniite hivyo."

Akakata. Kea alipiga tena na tena, mpaka simu ikaacha hata kuita.

*

Siku ya kupima ilirudi. Moshi ule ule, spika zile zile, sahani zile zile chini. Gari la pili kupanda rola lilikuwa jekundu, la kiwandani. Mwenyewe alikuwa kijana wa Daveyton aliyekuja na mchumba wake, wote wamevaa fulana zinazofanana. Kea alilikimbiza, akalisikia lilivyo zima. Akamwona mjomba kupitia kioo, anatema kifupa, ananyoosha mkono kwa kipaza sauti.

Alizima injini, akateremka, akamfikia kabla hajasema neno, akakitwaa kile kipaza sauti. Kilikuwa kinateleza.

"Namba anayotaka kuwasomea ni ya uongo," alisema. Sauti yake ilitoka kwenye spika zote, ikamshtua mwenyewe. "Gari la kiwandani likipanda hapa, mjomba anaifanya mashine isahau kwamba tuko juu. Ukishanunua vitu vyake, anaikumbusha. Hivyo ndivyo farasi wenu wanavyoongezeka. Mimi ndiye niliyekuwa nayaendesha magari. Nilikuwa najua."

Alitegemea ghasia. Alitegemea watu wapige kelele, wadai haki yao, hata wamrushie chupa. Mtu mmoja mwenye kofia akacheka.

"Dada, hiyo ni habari? Kila mtu anajua Rapula anapika namba!"

"Mimi nilijua zamani," alisema mwingine. "Ila inachekesha."

"Rudi ndani ya gari, wewe! Tumekuja kusikia kelele, hatukuja kanisani!"

Wakacheka wote, kicheko kile kile alichochekwa Mtho. Yule kijana wa Daveyton na mchumba wake peke yao hawakucheka. Walikuwa wanatazamana, fulana zao zinafanana.

Kwa miezi yote Kea alikuwa ameogopa wasije wakajua. Nao walijua. Walikuja hapa kila mwisho wa mwezi, wakala, wakalewa, wakasubiri kwa hamu mgeni mmoja anayependa gari lake ili wamwone akivuliwa nguo.

Mjomba alimsogelea, akasema chini chini, pumzi yake inanuka pilipili na kuku.

"Nilikutoa msibani kwa mama yako ukiwa na gauni moja."

"Ndiyo, mjomba. Siku zote nitashukuru."

"Hii ndiyo shukrani?"

"Shukrani bado ninayo. Ni tumbo ndilo limekataa."

Alivua ovaroli pale pale, akabaki na fulana na suruali ya mazoezi, akaiweka ile ovaroli juu ya kibodi yenye mafuta. Mjomba alitema kifupa miguuni pake. Alikiruka, akatoka, na nyuma ya rundo la matairi, mahali walipotapika wanaume wengi kabla yake, alitapika mpaka hapakubaki kitu.

*

Alihamia kwa mama yake mdogo, Boitumelo, huko Vosloorus. Alifua nguo zake zote mara mbili na bado alizinusa.

"Utazichana," mama mdogo alimwambia. "Harufu imo puani mwako, mwanangu, si kwenye nguo."

Alasiri moja gari la bluu lilisimama mbele ya geti. Mama mdogo alichungulia dirishani.

"Kuna mtu nje anafuta kiatu kabla hata hajakanyaga. Ndiye?"

"Ndiye."

"Mh! Nipike chai au nitafute fimbo?"

"Subiri kwanza."

Mtho hakuingia ndani. Walisimama getini, yeye nje, Kea ndani, chuma katikati yao. Alikuwa amekonda. Shati halikupigwa pasi.

"Niliona video," alisema. "Mtu alikurekodi. Ameweka na muziki juu yake, watu wanachekelea."

"Najua."

"Wanatia kinyaa."

"Na mimi?"

Mtho alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka swali la kweli. "Na wewe. Lakini wao nikiwafikiria nataka kunawa. Wewe nikikufikiria nataka kunawa, halafu nataka kukupigia simu."

Kea alicheka na kulia kwa pamoja, akafuta pua kwa mkono. "Sina cha kujitetea, Mtho. Nilikuogopa. Kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Ulikuwa unanipenda, na mimi nilikuwa nakula upendo wako kama mtu anayekula chakula cha kuiba."

"Mimi naweza kukusamehe. Naona nimeshaanza, na inaniudhi. Lakini kuna mtu mwingine uliyemdanganya."

"Baba yako."

"Nimemwambia namba ya Durban. Hataki kusikia. Anasema nimelipa mtu aniandikie. Aliyempa ile ya kwanza ndiye wa kwenda kuiondoa." Alifungua mlango wa gari. "Twende?"

Kea alijitazama: kanga kiunoni, ndala, kichwa hakijasukwa. "Hivi?"

"Hivi hivi."

*

Mzee Hadebe alikuwa amestaafu kazi ya kuyeyusha chuma, na mikono yake ilijaa makovu madogo yanayong'aa. Walimkuta nyumbani kwake Katlehong, mezani, anakula matumbo na ugali. Alimkaribisha mgeni kwa heshima, akamsukumia kiti. Kea hakuketi.

"Baba, naitwa Keabetswe. Mimi ndiye niliyeliendesha gari la Bhekani siku lilipopimwa Boksburg. Ile namba ilikuwa ya uongo. Nilijua ni ya uongo na sikusema. Gari halina ubaya wowote. Mwanao hakuuziwa mkebe. Alisema kweli."

Mzee aliendelea kutafuna. Alimeza. Aliweka kijiko.

"Kwa nini unaniambia? Ungenyamaza, ukaolewa na kijana wangu, nami ningekufa sijui."

"Ningekuwa nakupakulia chakula kwenye meza hii, baba, huku najua. Nimeshajaribu kula hivyo. Hakishuki."

Mtho alimtazama baba yake, akiogopa atapiga meza, au atacheka tena. Mzee alisukuma sahani mbali, uso umemkunjamana kana kwamba matumbo yale yamegeuka uchafu mbele ya macho yake.

"Wewe ulinyamaza," alisema. "Hilo ni lako. Lakini hukunilazimisha kucheka. Kijana huyu aliponiletea ile namba, ilinipendeza. Mwanangu yuko kaburini, na mimi nikafurahi kwamba nilimshinda." Alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, kwa nguvu, mara kadhaa. "Mtu gani anafurahia kitu kama hicho?"

Aliinuka, akatoka uani, wakamsikia akizunguka zunguka pale nje. Kea alitaka kumfuata, Mtho akamzuia kwa kumshika kidole kimoja tu, kile kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu Durban.

"Mwache."

"Amekasirika sana?"

"Anajikasirikia. Ni kitu kipya kwake, hajakizoea."

Walisimama hivyo, kidole kwa kidole, mpaka mzee akarudi na kusimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti imetulia.

"Binti. Wazazi wako wako wapi?"

"Wamefariki, baba. Nimelelewa na mjomba."

"Kwa hiyo kwenu Watswana, mjomba ndiye anayeketi kupokea ng'ombe wa mahari."

"Ndiye, baba."

"Mjomba huyo huyo wa mashine?"

"Huyo huyo."

Mzee Hadebe aligeuka, akatema mate nje, mbali, kwa chuki ya mtu aliyeng'ata kitu kibovu. Halafu akamwelekea mwanawe.

"Sitatuma wazee. Nitakwenda mimi mwenyewe. Nataka niketi naye uso kwa uso, nimwone atakavyonitajia idadi ya ng'ombe."

"Baba!" Mtho alishtuka. "Mimi hata yeye mwenyewe sijamuuliza."

"Sasa unangoja nini? Nipishe, nataka kunawa mikono."

Akawapita kwenda jikoni. Mtho alimgeukia Kea, hajui aanzie wapi, shati limekunjamana, mdomo wazi.

"Usiniulize leo," Kea alisema. "Leo bado unataka kunawa. Nakuona."

"Kidogo."

"Basi niulize siku ambayo hutaki."

"Na ukiniona nimekuja siku hiyo, utasema nini?"

Kea alikishika kile kidole, kisha cha pili, kisha mkono wote.

"Nitasema ndiyo, mjinga wewe. Lakini uje."

Jikoni maji yalikuwa yanatiririka, na mzee akawauliza kwa sauti sabuni iko wapi.